Si limbwata, ni upendo: Mume anapomvusha mkewe bahari

Ukifika Kilwa Kisiwani kwa chombo kutoka Kilwa Masoko, kuta za Gereza, ngome kongwe iliyosimama karibu na maji, ndizo zinazokupokea. Watalii hupiga picha hapo. Wenyeji hupita na shughuli zao, huyu na ndoo ya samaki, yule na mzigo wa kuni. Na siku za kliniki, wapo kina mama wajawazito wanaosubiri chombo, kadi ya kliniki imekunjwa ndani ya khanga isilowe.

Kati ya kisiwa na Masoko ni mwendo wa kama kilomita mbili za maji. Kwa kijana mwenye nguvu hiyo si safari. Kwa mama mwenye mimba ya miezi minane, anayepaswa kupandisha mguu kwenye ukingo wa mashua inayoyumba, ni safari hasa. Maji yakiwa yamekupwa na chombo kimesimama mbali na mchanga, hulazimika kushuka majini na kutembea.

Swali la makala haya ni dogo tu. Katika safari hiyo, nani amemshika mkono?

Mara nyingi ni mama yake, dada, wifi au jirani. Mume yuko baharini akivua, au shambani, au kwenye kijiwe cha kahawa. Akionekana amebeba mkoba wa mkewe na kumsaidia kupanda chombo, kijiweni hapakosi wa kucheka. Watasema amekaliwa. Watasema amelishwa limbwata.

Limbwata ni neno la utani, lakini utani huo una gharama. Unamfanya mwanaume anayempenda mkewe aufiche upendo wake kama kitu cha aibu. Na katika uzazi, upendo uliofichwa unaweza kumfikisha mtu hospitali akiwa amechelewa.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha maelezo ambayo hadi leo hutumika duniani kote kueleza kwa nini wanawake hufa kwa uzazi. Walisema kuna kuchelewa kwa aina tatu.

Kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Pili ni kuchelewa kufika kwenye huduma. Tatu ni kuchelewa kupata huduma inayofaa baada ya kufika.

Kuchelewa kwa tatu ni jukumu la Serikali na watumishi wa afya. Lakini huko kwa kwanza na kwa pili, nyumba nyingi za pwani zinamtazama mume. Yeye ndiye anayesubiriwa atoe ruhusa. Yeye ndiye mwenye fedha, na ndiye anayejua nahodha yupi anaweza kuamshwa usiku wa manane.

Tuseme uchungu umeanza saa nane za usiku, mama anatokwa na damu na mume yuko dago, kambi ya wavuvi, simu haipatikani. Nyumbani yupo mama mkwe na watoto. Hakuna aliyeachiwa fedha, wala aliyeambiwa kwamba anaweza kuamua. Watu wema watakusanyika na kusema, tumsubiri mwenyewe. Hapo hakuna mtu mbaya hata mmoja, lakini saa zinakwenda.

Damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mwanamke aliyekuwa na afya njema ndani ya saa chache. Kifafa cha mimba nacho hakingoji asubuhi. Hospitali ya Wilaya ya Kilwa, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje. Anayetoka kisiwani atavuka maji hadi Masoko, kisha atafute gari la kwenda zaidi ya kilomita 20 nyingine. Akihitaji huduma ya rufaa zaidi, itabidi aelekee Lindi mjini, Hospitali ya Sokoine.

Kitaifa hali imekuwa ikibadilika. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wanawake kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Ni hatua kubwa. Lakini kwa familia iliyobaki na kichanga kisicho na mama, takwimu ya taifa haileti faraja.

Kilwa iliwahi kusifiwa kwa unyenyekevu

Wanaodhani unyenyekevu humshusha mwanaume wangefaa kukumbushwa historia ya kisiwa chenyewe.

Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Mji ulikuwa tajiri kwa biashara ya dhahabu na pembe za ndovu. Mtawala wake alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake bado yanatazama bahari, linahusishwa na utawala wake. Magofu hayo ni sehemu ya urithi wa dunia uliotambuliwa na UNESCO mwaka 1981, pamoja na ya Songo Mnara.

Katika habari zake, Ibn Battuta hakusifu utajiri wa Sultani tu. Alisimulia kwamba alikuwa mnyenyekevu sana, akikaa na maskini na kula nao. Alieleza pia kwamba siku moja ya Ijumaa, baada ya sala, maskini mmoja alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani hakumfukuza. Alirudi msikitini, akabadili nguo na kumpa zile alizoombwa.

Mtawala aliyekuwa na jumba, askari na hazina alivua nguo zake kwa ajili ya mtu asiyemjua, na hakupoteza heshima. Karibu miaka 700 imepita na bado anakumbukwa kwa hilo. Itakuwaje basi mume wa leo apoteze heshima kwa kubeba mkoba wa mwanamke aliyembebea mtoto?

Dini zote mbili zimesema

Kilwa Kisiwani ni kisiwa cha Waislamu, kama ulivyo ukanda mkubwa wa pwani ya Lindi. Ukienda Masoko, Nangurukuru, Lindi mjini au ukipanda kuelekea Nachingwea na Masasi, utakuta pia familia nyingi za Kikristo: walimu, wauguzi, wakulima, wafanyabiashara. Wanapishana kwenye vituo vya afya vilevile. Katika jambo hili mafundisho yao yanakaribiana kuliko wengi wanavyofikiri.

Kwa Waislamu, Qurani katika Surat Ar-Rum inaitaja ndoa kuwa ni mahali pa utulivu, ambapo Mwenyezi Mungu ameweka mapenzi na huruma kati ya wawili. Hadithi zilizopokewa kwa Bi Aisha zinaeleza kwamba Mtume Muhammad (SAW) alipokuwa nyumbani alijishughulisha na kazi za familia yake, hata kushona nguo zake mwenyewe, hadi wakati wa sala ulipofika.

Kwa Wakristo, Mtume Paulo katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 5, anawaagiza waume wawapende wake zao kwa kipimo kizito: kama Kristo alivyolipenda kanisa hata akajitoa kwa ajili yake. Sura hiyo hukumbukwa sana harusini kwa sababu inamwita mume kichwa cha mke. Wanaoishia hapo huacha nusu ya pili, inayosema kichwa hicho kinapaswa kujitoa. Na Injili ya Yohana, sura ya 13, inamwonyesha Yesu akijifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi wake miguu, kazi iliyokuwa ya watumishi.

Hivyo mume Mkristo anayeinama kumkanda mkewe miguu iliyovimba hajaiga mambo ya Kizungu. Na mume Mwislamu anayefua nepi za mwanawe hajalishwa limbwata. Kila mmoja anafuata mfano aliofundishwa tangu utotoni, ila labda hakuwahi kuambiwa kwamba mfano huo unafika hadi jikoni na kliniki.

Bibi harusi ana kungwi, bwana harusi ana nani?

Pwani yetu imewafunda wanawake kwa bidii. Msichana ana somo, ana kungwi, ana unyago. Miongoni mwa tenzi mashuhuri za Kiswahili ni ule ambao Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye mwaka 1858, akimfundisha pamoja na mambo mengine namna ya kuishi na mume na kutafuta radhi zake.

Ni mafunzo yenye thamani yake. Lakini mizani haijalingana. Kijana wa kiume huambiwa awe na mahari, awe na kazi, ajenge nyumba. Ni wachache wanaowekwa chini na kuelezwa dalili za hatari kwa mjamzito, au namna mwili wa mwanamke unavyochoka wiki za kwanza baada ya kujifungua. Anaingia kwenye ndoa akijua kulipa, hajui kulea.

Matokeo yake, wanaume wengi wasioonekana kliniki si wakatili. Hawajui waende kufanya nini. Wengine wamefika wakakuta mabenchi yamejaa wanawake, hakuna aliyewasemesha, wakaishia kusimama chini ya mti hadi mke alipotoka.

Kwa hiyo wazee, masheikh, wachungaji na mapadri wanayo kazi hapa. Dakika chache kwenye nasaha za ndoa zinatosha kumwambia bwana harusi kwamba siku mkewe atakapokuwa na mimba, yeye pia ana zamu.

Kazi ya nyumbani ni kazi

Kuna wanaume watakaosema: mimi natafuta riziki, yeye yuko nyumbani tu.

Neno hilo "tu" lilishafika mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke, kutunza nyumba, mume na watoto, huhesabika kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo kwa sababu nyingine za shauri lake, lakini msingi uliowekwa umewasaidia wanawake wengi waliokuja baada yake.

Kama sheria inaitambua kazi hiyo, mume anayemwona mkewe mjamzito akichota maji, akipasua kuni na kupika, kisha akalala akisema amechoka yeye, ana sababu ya kujiuliza.

Mume afanye nini?

Upendo wa unyenyekevu haupimwi kwa maneno matamu. Katika miezi tisa ya mimba unapimwa kwa mambo haya.

Aanze mapema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mume anayejua tarehe za mahudhurio ataweza kupanga siku zake za bahari au shamba. Hudhurio la kwanza ni nafasi pia ya wote wawili kupima virusi vya Ukimwi na kaswende, ili mtoto akingwe mapema.

Ajue dalili za hatari. Kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa kali, degedege, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Dalili mojawapo ikitokea, hakuna kusubiri kupambazuke wala kupepesa kwa majani. Ni kwenda.

Aweke fedha pembeni. Sera ya taifa inataka huduma za wajawazito katika vituo vya umma zitolewe bila malipo, lakini nauli ya chombo, gari na chakula cha msindikizaji vinatoka mfukoni mwa familia. Mvuvi anaweza kuweka kidogo kila anaporudi na samaki.

Azungumze na nahodha kabla. Awe na namba za simu za watu wawili wenye vyombo, na za mtu mwenye gari upande wa Masoko. Kipindi cha upepo mkali wa kusi, au mvua kubwa, ni busara mama avuke siku kadhaa kabla na kukaa kwa ndugu karibu na huduma. Mei mwaka 2024 mvua zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, wilayani humu. Njia si jambo la kudhaniwa kuwa litakuwepo.

Atoe ruhusa mapema. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halihitaji fedha, linahitaji kujishusha. Mume aseme mbele ya mama yake na mkewe: nisipokuwepo na hali ikibadilika, msinisubiri. Sentensi hiyo moja huondoa kuchelewa kwa kwanza. Anayeisema hajapoteza ukuu wa nyumba. Ameutumia vizuri.

Aandae watu wa kuchangia damu. Yeye mwenyewe akiwa na afya njema awe wa kwanza kujitolea.

Abaki baada ya kujifungua. Hatari haiishi mtoto anapolia. Siku za kwanza mama anaweza kutoka damu au kupata homa ya uzazi. Wapo pia wanaopata sonona: wanalia bila sababu inayoonekana, hawalali hata mtoto akilala, hawamtaki mtoto. Huo ni ugonjwa, si kiburi wala shetani, na unatibika. Anayelala chumba kimoja na mama ndiye atakayeuona mapema, kama anatazama.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo yenye malipo ya angalau siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mvuvi wa Kisiwani hana mwajiri. Likizo yake anaikata mwenyewe, na siku asiyokwenda baharini ni siku isiyo na kitoweo wala senti. Ndiyo maana anapoamua kubaki nyumbani siku tatu, ametoa kitu kikubwa kuliko aliyelipwa kubaki.

Kusindikiza si kuchunga

Upo upande wa pili unaopaswa kusemwa. Si kila mume anayekwenda kliniki amekwenda kwa upendo. Wapo wanaokwenda ili wasikie kila neno, wajibu maswali badala ya mke, au wamkataze njia ya uzazi wa mpango aliyoichagua. Huyo hajasindikiza, amechunga. Mume mnyenyekevu huingia anapokaribishwa na hutoka nje mhudumu anapohitaji kuzungumza na mama peke yake.

Vilevile, hamasa ya kuwataka wanaume kliniki isigeuke adhabu kwa wanawake wasio na waume. Sehemu mbalimbali nchini, kina mama waliofika peke yao wamewahi kuambiwa wasubiri waliokuja na wenza wahudumiwe kwanza, au wakalete barua ya serikali ya kijiji. Mjane, aliyeachwa, au ambaye mumewe yuko dago hana kosa. Akirudishwa leo huenda asivuke tena.

Na mke anayepigwa hahitaji kuambiwa avumilie kwa jina la unyenyekevu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Unyenyekevu unaozungumzwa hapa ni wa mwenye nguvu kujishusha, si wa mnyonge kukubali kuumizwa.

Kicheko cha kijiweni

Turudi ufukweni. Kicheko cha kijiweni hakitaisha kwa semina. Kitaisha siku mtu mmoja atakapokivumilia, kisha wa pili, kisha wa tatu, hadi wanaocheka wawe wachache kuliko wanaovusha.

Mvulana mdogo aliyesimama mchangani akimtazama baba yake anaingia majini hadi magotini, anaishika mashua isiyumbe, kisha anampa mama mkono, ameshapata somo lake la kwanza la ndoa. Hakuna kungwi aliyeitwa wala utenzi uliosomwa. Siku akiwa na mke, hatajiuliza kama ni limbwata. Atadhani ndivyo wanaume wanavyofanya.